Mizani Haipo

Nyasubi, Kahama
4 Machi 2024

Shangazi yangu Scolastika,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, hasira tu ndizo zinanisumbua, na hasira zenyewe nimeletewa na kikundi chenu cha wachimbaji.

Kazi mlinipa wenyewe. Mlisema mizani yenu ya dhahabu hapo mwaloni Masumbwe, mnapooshea na kuuzia dhahabu, kioo chake kimekufa, namba hazionekani, ingawa inapima vizuri kama zamani. Mkataka niandike programu, mizani iunganishwe kwa waya kwenye kompyuta, uzito utokee kwenye skrini kubwa ambayo kila mchimbaji ataiona, sio wewe mpimaji peke yako. Nikasema sawa. Nikaomba mizani siku mbili tu niijaribie hapa kwangu. Jibu la mwenyekiti wenu Marselino ndilo hili: "Mizani haitoki. Binti akitaka aje na kompyuta yake alale hapa." Hivi kweli, shangazi, mimi nitaitafuna mizani? Na hili duka langu la kompyuta nilifunge wiki nzima nije kulala mwaloni, wateja nimwachie nani?

Basi usiwabembeleze tena, nimepata njia yangu. Laptopu yangu inatumia Linux, na humo mna programu ndogo inaitwa socat. Ukiiamuru, inatengeneza milango miwili ya kubuni. Mlango ni pale ambapo kompyuta inausikiliza waya wa mizani, ila hii ya kubuni haina waya wala tundu. Imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe: unalosema kwenye mlango wa kwanza linasikika kwenye wa pili. Huku nimeweka kijiprogramu kinachojifanya mizani, kinatamka uzito vilevile kama mizani yenu inavyotamka. Kule nimeweka programu yenu, nayo haijui tofauti. Inadhani iko Masumbwe inapima dhahabu.

Nimeitesa haswa. Nimeipelekea uzito mzuri, uzito uliokatika katikati, uzito ulio chini ya sifuri, takataka tupu. Yote imevumilia. Na jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: mlango ukifungwa ghafla, yaani mtu amechomoa waya, skrini inafuta namba na kuandika kwa herufi kubwa nyekundu, MIZANI HAIPO. Sitaki mtu asomewe uzito wa jana.

Jumamosi ijayo nakuja kuiweka. Mizani ya kubuni inabaki hapa Nyasubi. Kwenu naleta programu peke yake, ikaongee na mizani ya kweli. Barua hii nampa kondakta wa basi la Masumbwe, kwa sababu najua hupendi simu.

Binti wa kaka yako,
Rebeka


Masumbwe
25 Machi 2024

Mwanangu Rebeka,

Marahaba mama. Mwangaluka, habari za asubuhi huko Nyasubi.

Nani kakwambia sipendi simu? Simu naipenda, ila sauti ya simu naisikia peke yangu. Karatasi naisoma mbele za watu. Hapa kwetu neno lolote linalogusa mizani linasomwa mwaloni, kila mtu akisikia, kabla kazi haijaanza. Ndiyo desturi tuliyoanza nayo. Mizani ikizungumzwa chumbani, kesho utaitwa mwizi. Kwa hiyo barua yako niliisoma yote, hata pale ulipouliza kama utaitafuna mizani. Walicheka mpaka machozi. Mzee Bujiku, yule mwenye duara la kuchimbia dhahabu kule juu, akauliza kama mizani ya kubuni inaweza kumpimia dhahabu ya kubuni, naye ajenge nyumba ya kubuni. Marselino peke yake hakucheka. Alinitaka nirudie pale penye milango miwili, nikarudia, akanitaka nirudie tena. Nikasema moyoni, kumbe mwenyekiti wetu anapenda elimu hivi!

Tangu ulipokuja ukaiweka hiyo programu, wabeja sana, asante mwanangu, mambo ni moto. Zamani wachimbaji walikuwa wananichungulia mabegani kama kuku wanaosubiri kumwagiwa mahindi. Sasa wanakaa kwenye benchi na namba wanaiona kubwa ukutani. Mchimbaji ananipa dhahabu, naiweka, wote tunasoma, namkabidhi Marselino ambaye ndiye mnunuzi. Hakuna maneno.

Na bado naisalimia mizani kila asubuhi kama nilivyofundishwa na mpimaji aliyenitangulia. Kabla ya dhahabu ya mtu yeyote, navua pete yangu ya ndoa naiweka pale. Ikisoma uzito wake ule ule, nafungua kazi. Ulipoona siku ile ulinicheka. Cheka tu. Mizani isiyosalimiwa inakuwa na kiburi.

Shangazi yako,
Scolastika, Mama Ngusa


Masumbwe
13 Mei 2024

Rebeka,

Leo sina salamu.

Mzee Bujiku alipima kipande chake hapa, hakukiuza, akaenda nacho huko kwenu Kahama. Akapima duka la kwanza, akapima la pili. Kote kilikuwa kizito kuliko hapa, na hakikuzidi kidogo cha kusema upepo ulipuliza. Wengine wakasikia, wakaenda na vya kwao. Wote hivyo hivyo. Wamerudi wamevimba.

Sasa kuna wanaosema programu inakula dhahabu. Na kuna wanaosema anayekula ni mpimaji. Marselino kasimama mwaloni kawakumbusha barua yako. "Si mlisikia wenyewe? Binti anajua kutengeneza mizani ya uongo. Mama Ngusa kasoma kwa mdomo wake." Na ni kweli nilisoma.

Nakuuliza kama mzazi. Niambie ukweli. Kuna kitu ulifanya?

Usifikiri labda ni virusi. Kompyuta ilisafishwa na fundi anaitwa Abel, mwenyekiti alimleta mwezi uliopita, akashinda nayo kutwa. Mimi kazini naendelea kama kawaida, usihangaike juu yangu. Uzee tu. Hata pete yangu imekonda, wiki zile za mwisho kila nikiisalimia mizani nakuta imepungua. Nadhani ni kusugua masufuria kwa mchanga.

Usije huku. Watu wana hasira.

Scolastika


Nyasubi, Kahama
16 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo, kwa sababu adabu ulinifundisha wewe.

Ulinifundisha na mengine. Nilipokuwa mdogo mwenye duka alinizidishia pipi moja, ukanishika mkono ukanirudisha njia nzima kwenda kuirudisha, nami nalia. Leo mtoto huyo huyo unamuuliza kama ameiba dhahabu ya wachimbaji! Ningeulizwa na Marselino ningecheka. Nimeulizwa na wewe.

Jibu ni hapana. Sikufanya kitu. Jibu hilo sitalirudia.

Sasa nami nina swali, na ukitaka wasomee hata kuku. Skrini ikipunguza uzito, kile kilichozidi kinabaki kwa nani? Mchimbaji analipwa kwa namba ya skrini. Dhahabu yenyewe inakwenda kwa mnunuzi. Mimi niko Nyasubi nauza wino wa printa. Nitapata nini? Vumbi? Jamani, watu wazima mmekaa mwaloni na hamjajiuliza hilo?

Na huyo Abel ni nani, na aliniuliza lini kama kompyuta ina virusi? Ile ni Linux, kupata virusi ni nadra. Ilikuwa na wiki chache tu tangu niiweke.

Nakuja Jumamosi, utake usitake.

Rebeka


KIKUNDI CHA WACHIMBAJI WADOGO MWALO WA JUU
MASUMBWE
20 Mei 2024

Bi. Rebeka,
Nyasubi, Kahama.

YAH: TUHUMA ZA KUHUJUMU MIZANI YA KIKUNDI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Tunapenda kukufahamisha kuwa Bi. Scolastika (Mama Ngusa) alisimamishwa kazi ya upimaji tangu tarehe 10 Mei, akanyang'anywa ufunguo wa chumba cha mizani na kuzuiwa kukanyaga mwaloni. Aidha, ulipofika Jumamosi iliyopita ulizuiwa getini kwa usalama wako mwenyewe, na lugha uliyoitumia kwa walinzi haikuwa ya mtu msomi.

Mimi kama mnunuzi nilikuwa nikipima upya dhahabu kwa mizani yangu binafsi, na kila mara ilinifikia ikiwa na uzito ule ule wa kwenye skrini. Ni dhahiri kwamba kilichozidi kilibaki mikononi mwa mpimaji.

Vilevile, fundi wetu Bw. Abel amekagua kompyuta na kubaini ndani yake mlango wa kubuni wa Linux, sawasawa kabisa na ulivyoueleza kwa mkono wako mwenyewe katika barua yako ya tarehe 4 Machi. Barua hiyo tunayo. Ushahidi umejitosheleza.

Mkutano wa wanachama utafanyika Jumamosi tarehe 25 Mei kumfukuza Mama Ngusa rasmi na kumkabidhi polisi. Yeye ameitwa. Kufika kwako si lazima.

Wako katika ujenzi wa kikundi,
Marselino
Mwenyekiti


Nyasubi, Kahama
22 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii isome mwaloni kwa sauti, kama ile ya kwanza. Usiruke neno hata moja.

Kwanza, umenificha. "Kazini naendelea kama kawaida," na kumbe wamekufungia nje! Jumamosi nilisimama getini nikidhani uko ndani unapima, nikajiuliza mbona hutoki. Ulikuwa nyumbani umejifungia. Hayo tutayamaliza sisi wawili.

Sasa naongea na ninyi wazee wangu na ndugu zangu wachimbaji. Mwenyekiti ameniandikia kwamba fundi wake amekuta mlango wa kubuni ndani ya kompyuta yenu. Namwamini! Safari hii amesema kweli, mlango upo. Ila ngojeni niwaambie jambo moja. Mlango wa kubuni hausafiri. Wa kwangu niliufungulia kwenye laptopu yangu hapa Nyasubi, nilipomaliza majaribio nikaufunga, ukafa palepale. Kwenye kompyuta yenu niliweka programu peke yake, nikaielekeza kwenye waya wa mizani, mbele ya macho yenu. Mlango uliomo leo umefunguliwa humo humo, na mtu aliyekaa na hiyo kompyuta baada yangu. Mnamjua, na aliyemleta mnamjua. Alisikia barua yangu ikisomwa, akataka irudiwe mara mbili pale alipopapenda.

Ni hivi. Mizani yenu inasema ukweli mpaka sasa. Lakini maneno yake hayafiki tena kwenye skrini moja kwa moja. Katikati kakaa mtu wa kubuni. Anapokea uzito wa kweli, anaumega, kilichobaki anakipitisha kwenye mlango wa uongo, na programu yangu inakiamini kama ilivyoniamini mimi nilipokuwa naijaribu. Nimeumia sana, nawaambia bila kuficha. Kile nilichokitengeneza ili msidhulumiwe ndicho kimefanywa kisu cha kuwachinjia.

Shangazi, pete yako haijakonda. Dhahabu haikondi kwa masufuria wala kwa uzee. Umeisugua miaka yote na mizani haikusema kitu, sasa iishe ndani ya wiki chache? Ulikuwa unaisalimia mizani kila asubuhi, nayo ikawa inakujibu kwamba kuna mtu njiani anaipunguza salamu yako. Wewe ukajilaumu.

Sasa msiniamini mimi, na Marselino msimwamini. Fanyeni hivi. Wekeni kitu kwenye mizani, msubiri namba itokee. Kisha mtu yeyote, asiwe shangazi, achomoe waya wa mizani kwenye kompyuta. Barua yangu ya kwanza ilisema kitakachotokea, na mwenyekiti anayo, aisome. Skrini inatakiwa iandike MIZANI HAIPO kwa maandishi mekundu.

Ikiandika hivyo, mimi ni mwongo. Mfukuzeni shangazi, na Jumatatu mimi mwenyewe nitajipeleka polisi Kahama kwa miguu yangu. Lakini namba ikiendelea kukaa pale, waya uko mkononi mwenu, basi mjue programu haikuwa inasikiliza mizani yenu. Ilikuwa inasikiliza mlango ambao hauna waya wa kuchomolewa. Hapo mgeukeni mwenyekiti mumuulize anayepima ni nani.

Rebeka


Masumbwe
27 Mei 2024

Mwanangu Rebeka,

Jana ulipokuja kuufuta ule mlango walikuzunguka watu wengi, kila mtu anataka kukushika mkono, na mimi nikawa nyuma. Nilipofika mbele ulikuwa umeshapanda pikipiki. Hata uji hukunywa. Nilikuona unaniangalia halafu ukaangalia pembeni, na una haki. Kwa hiyo nakuandikia.

Yaliyotokea Jumamosi umesimuliwa vipande vipande, ngoja nikusimulie mimi niliyesimama pale kama mshitakiwa. Nilipotoa barua yako Marselino akasema haimo kwenye ajenda. Mzee Bujiku akainuka. "Ile ya kwanza ilisomwa. Na hii itasomwa." Nikasoma. Nilisoma mpaka pale uliponisema kwamba nimekuficha, sikuruka. Nilipofika penye kuchomoa waya, Marselino akaruka. "Msiguse! Mkichomoa programu itaharibika, na gharama ni juu yenu!" Ala! Mtu asiye na neno angeogopa waya?

Sikuwa na dhahabu ya kuweka. Nikavua pete. Namba ikatokea ukutani, ile ile ya kukonda. Bujiku akashika waya, akanitazama, akauchomoa.

Rebeka, namba haikutikisika. Bujiku akaunyanyua waya juu kila mtu auone unavyoning'inia, na skrini imekaa vilevile, inapima. Nikaitoa pete nikaivaa. Inapima. Bujiku akaona haitoshi. Akaikumbatia mizani yenyewe kama anabeba mtoto, akatoka nayo nje juani, watu wote nyuma yake, akaiweka chini kwenye mchanga. Akapaza sauti, "Huko ndani vipi?" Waliobaki wakamjibu, "Bado inapima!"

Hapo ndipo kila mtu akamgeukia Marselino. Akaanza, mara umeme, mara Abel ndiye anayejua. Abel akapigiwa simu, haipatikani. Kuna waliokuja na mipini ya sururu, nikasimama mlangoni nikawaambia hapigwi mtu hapa, atakwenda kwa mtendaji kwa miguu yake, na mizani ya chumbani kwake itakwenda naye ikapimwe pia. Sikumwonea huruma hata chembe, usifikiri. Nilitaka afike mzima ili aulizwe vizuri, na majibu yake yasomwe mwaloni.

Kisha wakaanza kuniita mama. Mama Ngusa, rudi kazini. Mama Ngusa, shetani alitupitia. Watu ambao tangu wanifungie nje walikuwa wakiniona njiani wanavuka upande wa pili! Kuna mmoja alimkataza mtoto wake asichote maji kwangu. Nikawaambia shetani asingiziwe, yeye hakuwa mwanachama. Nikawaambia nitarudi, lakini ufunguo sitaupokea kwa mtu mmoja chumbani. Wakaniletea wote, wamepanga mstari, na kila aliyenipita alinisalimia kwa jina langu. Waliochelewa niliwasubiri.

Leo asubuhi nimeisalimia mizani. Pete imerudi na uzito wake wote.

Sasa la kwako na mimi. Wao walinishuku mimi kwa sababu Marselino aliwapotosha. Mimi nilikushuku wewe, na mimi hakuna aliyenipotosha, nilikujua. Nilikuwa nimeogopa, watu wameacha kunisalimia, nikatafuta wa kumuuliza nikakuuliza wewe. Lile swali halikustahili kuandikwa kwa binti wa kaka yangu. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe.

Na kwa kuwa ni neno linalogusa mizani, barua hii nimeisoma mwaloni leo kwa sauti kabla sijaifunga, wote wakisikia, Bujiku kavua kofia. Nilipofika hapo pa kuomba msamaha wakanitaka nirudie. Nimerudia.

Njoo unywe uji.

Shangazi yako,
Scolastika